Kumboresha Marehemu Nkwabi

Kaka yangu Jonathan aliponiambia kwamba ameupeleka mkanda wa Baba Mabatini ukaboreshwe, nilimuuliza kama Baba alikuwa amelalamika. Baba alikuwa kaburini mwaka wa saba. Jonathan hakucheka. Tangu aanze kununua sangara mwaloni na kuwauza kwenye viwanda vya minofu, kaka yangu hacheki ovyo. Anatabasamu upande mmoja tu wa mdomo, ule mwingine anawawekea wateja.

"Nyakati zimebadilika, Getruda," alisema. "Hili ni soko huria. Kitu kisipoboreshwa kinakufa."

Nilikuwa nimesikia mbegu za pamba zinaboreshwa, na kuku, na hata choo cha shule ninayofundisha kiliwahi kuandikiwa barua ya kuboreshwa. Marehemu ilikuwa mara ya kwanza.

Mkanda wenyewe, kwa asiyeujua, ulipigwa mwaka 1969 na padri mmoja Mholanzi aliyependa ngoma kuliko ilivyofaa kwa padri. Unakwenda dakika kumi na mbili. Hauna rangi wala sauti. Ndani yake Baba, Nkwabi, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuwa na mpinzani katika bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, anacheza na jembe: analirusha juu, anajigeuza, analidaka nyuma ya mgongo bila kuangalia. Yupo Jonathan wa miaka tisa, kaptura imechanika matakoni, anakata kiuno kwa bidii. Nipo mimi, nalia, sijui kwa nini. Padri alipomaliza muda wake akarudi kwao, alituachia mkanda pamoja na mashine ya kuuonyeshea, chuma kitupu, ya kubebwa na watu wawili.

Kila mwaka, Jumapili moja ya mwezi wa nane, tulikuwa tunatundika shuka sebuleni kwa Mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, tunafunga madirisha na kuutazama. Kwa kuwa mkanda hauna sauti, sauti tulitia wenyewe. Mzee Ndalahwa, aliyecheza kundi moja na Baba, aliimba. Jonathan, kabla hajawa mtu mzito, alipiga debe. Mimi niliendesha mashine. Mayu alikuwa na maneno yake sehemu moja tu.

Sehemu hiyo ni dakika ya saba. Baba yuko katikati ya mchezo, mara anatokea mtoto wa miaka mitatu na kuijia kamera moja kwa moja. Uso wake unajaa shuka nzima. Anacheka, ana mwanya wa Baba, ananyoosha mkono aishike lenzi, halafu mkono wa mama yake unaingia kutoka pembeni na kumvuta. Huyo ni Kashindye, kitinda mimba wetu. Mwaka uliofuata surua ilimchukua. Picha yake nyingine haipo popote duniani, maana siku zile kupiga picha ilikuwa safari ya kwenda mjini na viatu vya kuazima. Basi kila mwaka, uso ule ukijaa, Mayu alisema, "Kashindye, toka hapo, unamziba baba yako." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama anayemfukuza mtoto jikoni. Ni sekunde nne, nimezihesabu. Kisha Baba anaendelea kucheza na sisi tunaendelea kuimba.

Hicho ndicho kitu kilichokwenda kuboreshwa Mabatini.

Jonathan hakutuita kutazama mkanda. Alituita kwenye uzinduzi. Mwaka huo, 1995, Mwanza kila kitu kilikuwa kinazinduliwa. Nyumbani kwake Nyegezi tulikuta makochi mapya ambayo nailoni ya dukani haijavuliwa, kila ukisogea yanalalamika. Mgeni rasmi alikuwa Mayu. Alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akapewa mkasi, akaonyeshwa utepe uliofungwa kuizunguka deki ya video. Mayu alikata utepe, akauliza kama sasa anaruhusiwa kwenda kukaa chini.

Fundi mwenyewe alikuwepo. Anaitwa Muganyizi, kijana wa Kagera mwenye duka la video Mabatini, na kama wanavyotaniwa watu wa kwao, hakuweza kuwasha deki bila kutoa mhadhara. Alisimama mbele ya runinga amefumbata mikono, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe.

"Wazazi wangu, shikamooni," alianza.

"Marahaba," walijibu Mayu na Mzee Ndalahwa.

"Mkanda niliopokea ulikuwa na hali mbaya kitaalamu. Nimeutazama, nimeupima, nimetumia teknolojia."

Neno teknolojia alilitamka mara tisa. Kuhesabu ni kazi yangu, na nilikuwa nimekuja na kalamu nyekundu na karatasi ya kusahihishia. Mwalimu ni mwalimu hata Jumapili.

Mkanda mpya ulianza na maporomoko ya maji. Sijui ni ya nchi gani, huku kwetu hayapo. Juu ya maji yakapita maandishi ya dhahabu, FAMILIA BORA YA MAREHEMU MZEE NKWABI, na chini yake namba ya simu ya duka la Muganyizi. Maandishi yaliondoka, namba ikabaki. Ilikaa kifuani kwa Baba mpaka mwisho, utadhani ndiye aliyekuwa anauza. Baba alitokea ndani ya umbo la moyo. Alikuwa wa kijani. Baadaye akawa wa waridi, kisha zambarau, na kinanda cha harusi kikawa kinapigwa polepole huku miguu yake inakimbizana na ngoma ambayo hakuna tena aliyeisikia. Nikaandika alama nne kati ya mia, za ujasiri.

Halafu Baba akarusha jembe. Jembe likapanda. Kabla halijashuka yakarudi yale maporomoko, wakapita bata weupe wawili wanagusana midomo, na tuliporudi kwa Baba alikuwa tayari anainama kuaga watu.

"Jembe liko wapi?" aliuliza Mzee Ndalahwa.

"Pale mzee nimeweka kiunganishi," alisema Muganyizi.

"Nakuuliza jembe. Nkwabi amelirusha, nimeona. Halikushuka."

"Mzee, ni urembo wa picha."

"Mimi nilikuwepo! Lilishuka, akalidaka! Sasa wajukuu wataona babu yao karusha jembe likampotea?"

Muganyizi akatoa daftari akaandika kitu. Nilimfutia alama mbili.

Kilichoboreshwa kuliko vyote kilikuwa kaptura ya Jonathan. Pale matakoni palikuwa pamewekwa ua jekundu linalozunguka, na popote mtoto alipokwenda ua lilimfuata. Kijiji kizima cha mwaka 1969 kinacheza katika vumbi, na katikati yake linakimbia ua. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa amelalamika.

Mkanda ukaisha. Makofi yalipigwa na Jonathan. Mayu alikuwa bado anaangalia kioo cheusi.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Mtoto gani, Mayu?" alisema Jonathan.

Muganyizi, maskini, alidhani hilo ni swali la kitaalamu, akafurahi kulijibu. "Ah, Mama umeona! Dakika ya saba palikuwa na kasoro. Kuna mtoto alipita mbele ya lenzi akamziba mchezaji sekunde nne nzima. Nimesafisha. Huwezi hata kuona pameungwa."

Hata makochi yalinyamaza. Nilimtazama Jonathan, nikaona uso unampauka. Sikatai kwamba alikuwa hajui. Alipokuwa anakagua kazi ya fundi alikagua kaptura tu. Lakini kaka yangu ana ugonjwa mmoja: akikosea haombi radhi, anapanda ngazi na kusimamia kosa lake kutoka juu.

"Ni sekunde nne tu," alisema. "Mkanda mzima si huo jamani? Na ile mashine nayo inakaribia kufa. Kuna mtu anajenga hoteli kando ya ziwa, anatafuta vitu vya zamani vya kupamba mapokezi. Nimeshamwahidi mashine pamoja na mkanda wake. Sisi tunabaki na huu, wa kisasa."

"Umemwahidi mashine ya Mayu?"

"Mimi ndiye mkubwa, Getruda."

Nikasimama. Nakumbuka nailoni ya kochi ilinikamata sketi na nikaivuta kwa hasira mpaka ikatoa mlio. Kabla sijafungua mdomo, Muganyizi alikuwa amekwenda kupiga goti mbele ya Mayu. Alikuwa ameelewa. Mhadhara wote ulikuwa umemtoka.

"Samahani sana, Mama. Sikujua," alisema. "Lakini mkanda mbichi niliorekodi kabla ya kukata ninao dukani. Mtoto yumo, mzima. Nipeni siku mbili tu nitamrudisha, na sitaki malipo."

Hapo jambo hili lilipaswa kuisha. Mayu alimwekea mkono begani, akaniangalia mimi, akaanza kusema, "Getruda, mwache kijana a..." Sikumwacha amalize. Nilimwambia Muganyizi kwamba ndugu yangu si kasoro ya kutolewa Jumatatu na kurudishwa Jumatano, na kwamba asiguse tena kitu chochote cha kwetu. Yalikuwa maneno mazuri. Niliyasikia yanatoka na nikayapenda. Ukweli ni kwamba sikutaka Kashindye arudishwe kimyakimya na fundi mwenye adabu. Nilitaka Jonathan ashindwe, mbele ya watu, na nilitaka nimshinde mimi.

"Na wewe," nilimgeukia Jonathan, "kama huo mkanda wako ni bora hivyo, tukutane uwanjani."

Mzee Ndalahwa aliruka kutoka kwenye kochi na miaka yake sabini. Kwetu kukutana uwanjani kuna maana moja. Makundi mawili ya ngoma yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, hili huku na lile kule. Hakuna waamuzi wenye karatasi. Watu wanatembea. Anayevutia wanamwendea, anayechosha wanamkimbia, na mwisho mwenye watu wengi ndiye mshindi, hata kama unadhani watu wenyewe ni wapumbavu. Baba alishinda hivyo, na alishindwa hivyo, na hakukata rufaa.

Tukakubaliana. Mimi nionyeshe mkanda wa zamani kwa mashine, yeye aonyeshe wa kwake kwa deki. Nikishinda, mashine na mkanda vinabaki kwa Mayu. Akishinda, vinakwenda kupamba mapokezi ya hoteli. Mayu hakuulizwa. Sasa ninapoandika ndiyo naona kwamba katika sebule ile watu wote tulikuwa tunampigania Mayu na hakuna aliyemuuliza.

Jumapili iliyofuata tulikutana Mkolani, kwenye ghala la pamba lililokuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia. Ilikuwa saa tisa alasiri na jua kali nje, lakini milango ya chuma ilipofungwa giza likapatikana. Kwenye ukuta wa mashariki nilitundika shuka langu. Upande wa magharibi Jonathan alisimamisha runinga juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha satini. Katikati alisimama Mzee Ndalahwa na filimbi, kichwani amevaa kofia ya manyoya ya siku zake za ngoma, ambayo panya walikuwa wameishughulikia.

Zamani makundi ya ngoma yalitumia dawa za kuvuta watu. Walizika mizizi uwanjani, walijipaka mafuta. Jonathan naye alikuja na dawa yake: kreti kumi na mbili za soda, zinanywewa upande wake tu. Nililalamika kwa mwamuzi.

"Dawa inaruhusiwa," alisema Mzee Ndalahwa. "Ilikuwa inaruhusiwa. Na wewe ungekuja na yako."

Filimbi ikalia. Mwanzoni nilikuwa na watu kama arobaini, wengi wao wazazi wa wanafunzi wangu na wanafunzi wenyewe, walionijia kwa heshima. Heshima ilidumu dakika tatu. Shukani kwangu Baba alikuwa mweusi na mweupe, kimya kabisa, maana mwimbaji wetu alikuwa amegeuka mwamuzi. Nikajaribu kuimba mwenyewe. Sauti yangu imezoea kuita majina asubuhi, na watu waliisikiliza hivyo hivyo, wakisubiri lao. Kule upande wa pili kinanda kilikuwa kinatetemesha mabati. Mtu akapiga kelele, "Kawa wa kijani!" na nusu ya watu wangu wakaondoka. Mwingine akasema, "Ua! Ua linakimbia!" na wakaondoka waliobaki, pamoja na wanafunzi wawili niliokuwa nimewaahidi kuwafelisha wakithubutu kusogea. Runinga ilikuwa ya inchi ishirini na moja na watu walikuwa mia mbili. Waliokuwa nyuma waliona visogo tu, lakini walivitazama kwa raha kuu.

Mkanda wangu ukaisha, nikauzungusha, nikauanza tena. Alibaki Mayu peke yake, kwenye kigoda chake, mbele ya shuka, anapiga makofi taratibu mahali panapostahili makofi. Uso wa Kashindye ulipotokea alisema maneno yake. Mimi sikuyasikia vizuri mwaka huo, nilikuwa nageuka kuhesabu vichwa vya Jonathan.

Ndipo Jonathan alipotoa rimoti.

Baba alirusha jembe na Jonathan akabonyeza. Jembe likasimama hewani. Baba akasimama chini yake, mikono juu, mdomo wazi. Ghala zima lilipiga mayowe. Akabonyeza tena, jembe likarudi mkononi kinyumenyume, Baba akacheza kurudi nyuma, vumbi likaingia ardhini. Watu walikaa chini kwa kucheka. Mwanamke mmoja alimwaga soda yake yote na hakujali. "Msimamishe tena!" walimlilia. Jonathan akamsimamisha, akamrudisha, akamsimamisha, na kwa upande ule niliona mdomo wake unacheka pande zote mbili. Hata Mzee Ndalahwa alikuwa amegeuza shingo.

Nilisikia wivu. Sitafuti jina jingine zuri. Nilikuwa nimeidharau ile deki tangu ilipofungwa utepe, na sasa nilitamani kitu kimoja tu kutoka kwake, kile kibonyezo. Nikajiambia: yeye amesimamisha jembe, mimi nitasimamisha mtoto. Wakimwona Kashindye vizuri, si kwa sekunde nne bali mpaka washibe, watajua kaka yangu alikata nini. Watu watahama. Nilikuwa na hakika.

"Njooni muone alichokitoa Jonathan!" nilipaza sauti ile ya mstarini. "Njooni! Hiki hapa!"

Vichwa kadhaa viligeuka. Mkanda ulikuwa unaingia dakika ya saba kwa mara ya tatu. Mtoto akatokea, akaijia kamera, uso ukajaa. Nikashika gurudumu la mkanda kwa kiganja nikalikaba.

Mashine ile haina kusimama. Mkanda unapita mbele ya balbu ambayo hata ukiizima huwezi kuigusa mpaka upike chai na uinywe, na kinachouokoa ni mbio zake tu. Ukiukamata hapo, umeuweka mekoni. Nilikuwa nimeiendesha miaka ishirini. Katika Mkolani nzima hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi.

Uso ulisimama. Ule mwanya, yale macho, mkono umenyooshwa. "Kashindye, toka hapo," alisema Mayu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote mtoto hakuvutwa. Alibaki. Nilimwona Mayu anainuka kwenye kigoda, anasogea mbele mpaka mwanga wa picha ukamfika kwenye mabega. Nafikiri alitaka kumjibu kitu kingine, kwa kuwa safari hii palikuwa na muda.

Doa la kahawia lilitokea shavuni. Likatutumka, likapanuka, likafika kwenye jicho, na katikati yake pakafunguka tundu la mwanga mweupe. Harufu ya kuungua ikatoka. Niliachia gurudumu lakini mkanda ulikuwa umeshanata. Meno ya juu ya mashine, yanayouvuta mkanda, yaliendelea kuulisha mdomoni mwake, ukajikunja, ukajazana, na kila mkunjo balbu ikaupokea. Shukani walipita akina Kashindye watano au sita, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anatoboka uso. Nilipoikumbuka waya ya umeme na kuichomoa, palikuwa hakuna cha kuokoa.

Na watu walikuja. Ee, walikuja! Walikimbia wakaangusha kreti, walikanyagana, walijaza upande wa mashariki mpaka shuka likasukumwa ukutani. Milango ilifunguliwa na wengine waliokuwa wanapita barabarani wakaingia. Walikuwa wameona uso wa mtu unayeyuka kwa ukubwa wa ukuta, na hakuna kitu katika deki ya Jonathan kilichofanana na hicho.

"Rudia, mwalimu!" walisema. "Rudia hapo!"

"Hii ndiyo teknolojia," alisema mtu mmoja, kwa heshima ya kweli.

Mzee Ndalahwa alipuliza filimbi. Sheria ya uwanja anaijua na hajawahi kuipindisha, hata siku Baba aliposhindwa. Alipita katikati ya watu, akanishika mkono, akauinua juu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuniangalia.

"Uwanja umesema," alitangaza. "Getruda binti Nkwabi."

Walinipigia makofi. Wanafunzi wangu waliimba jina langu. Jonathan alikuwa amebaki kule na rimoti mkononi, hana mtu hata mmoja, na nilipomtazama sikuona uso wa mtu aliyeshindwa. Niliona uso wa mtu ambaye Kashindye alikuwa mdogo wake pia.

Muganyizi alikuja na tochi. Alifungua mdomo wa mashine, akachokoa polepole kwa ncha ya kalamu, akatoa vipande vilivyojikunja akavipanga kwenye kitambaa chake cha mfukoni. Akavimulika kimoja kimoja. Mayu alikuwa amesimama pembeni yake.

"Kimebaki kipi?" alimuuliza.

"Mkono, Mama. Ule mkono unaomvuta."

"Ni wangu huo." Akamgeukia. "Na ule wa kwako, mwanangu? Ule mbichi?"

Muganyizi alinitazama mimi kwanza, kisha akatazama chini. "Nilikuwa nao mpaka Jumatano. Mwalimu alisema nisiguse kitu cha kwenu. Nikaurekodia kipaimara cha watu."

Mayu aliitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Ningelipa mshahara wa mwaka mzima anigombeze, anipige hata kofi mbele ya wanafunzi wangu. Nilisema, "Mayu." Nilikuwa na maneno siku nzima, wiki nzima, na sasa yote yalikuwa yameisha.

Aliinama akachukua kigoda chake. Watu walimpisha, wengine wakampa mkono kumpongeza kwa binti yake, naye aliwashukuru mmoja mmoja maana ni mtu mwenye adabu. Akavuka ghala lote mpaka upande wa magharibi, akaweka kigoda mbele ya runinga, akakaa.

"Jonathan," alisema, "anza mwanzo. Nimwone baba yenu, hata hivyo alivyo."

Kinanda kikaanza. Upande wangu walikuwa watu mia mbili na wengine walikuwa bado wanaingia kutoka barabarani, wanaulizana mshindi ni yupi, wananionyesha kwa vidole. Upande wa Jonathan alikuwa mtu mmoja, na alikuwa amenipa mgongo.